Vitabu Ambavyo Fundi Hakuvimaliza

Mtu aliyenifundisha kwamba kitu kinaweza kuachwa katikati alikuwa mama mmoja, fundi wa nguo, na katika miaka yote niliyomjua hakuchelewesha nguo ya mtu hata siku moja. Ninalisema hili mapema kwa sababu wako watu kule Bungoma walioamini kinyume chake, wakapeleka vitambaa vyao kwa mafundi wengine, na waliamini hivyo kwa sababu ya mdomo wangu. Ilikuwa juu ya gauni langu la harusi. Nitafika hapo, lakini kwanza nataka mumjue, maana hakustahili kujulikana kwa jambo lile peke yake.

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, lakini hata mchungaji alipomwombea mbele ya watu alisema "Fundi wetu," na Mungu akaelewa ni nani. Cherehani yake ilikaa kwenye varanda ya duka la vitambaa mjini Bungoma, duka la mzee Mhindi mwenye kilemba cha buluu. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho hatua tatu, akampa Fundi. Fundi alimpima, akamtajia siku moja tu: "Jumamosi." Hata ungempelekea Ijumaa asubuhi alisema Jumamosi, na Jumamosi uliikuta nguo imepigwa pasi, imetundikwa, inakungoja. Yeyote aliyewahi kuwa na fundi katika Kenya hii anajua huo ni muujiza wa aina gani.

Jioni alirudi Kanduyi, ambako chumba chake na changu viligawana ukuta. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi, msichana wa Matulo mwenye godoro moja na jiko moja. Tulizungumza kupitia ukuta ule hadi wapangaji wengine wakalalamika.

Fundi alisoma wakati pasi inapata moto. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kusoma, hakuwa na nyingine. Pasi yenyewe ilikuwa ya makaa, ile nzito yenye jogoo mdogo wa chuma mbele. Aliiweka ukingoni mwa varanda ipate upepo, akavuta kiti, akafungua kitabu. Kila kitabu alikipa pasi tatu. Kama pasi zimepata moto mara tatu na yeye amezikumbuka zote kwa wakati, basi kitabu hicho kimeanguka mtihani.

"Kitabu mzuri si inafaa inisahaulishe pasi?" aliniuliza. "Sasa hii mimi nasoma na jicho moja liko kwa makaa. Ya nini?"

Ungedhani basi kwamba kitabu kilichomsahaulisha pasi alikimaliza. Wapi! Kilitokea kimoja kilichomnasa kabisa, habari za ndugu wawili na shamba, na siku hiyo aliilaza pasi juu ya suruali ya naibu wa chifu, akarudi kusoma mstari mmoja tu uliobaki. Alipoinua pua, suruali ilikuwa na dirisha lenye umbo la pasi. Alinunua kitambaa kingine, akashona suruali mpya, na Jumamosi naibu wa chifu aliondoka nayo bila kujua kwamba si ile ile. Na wale ndugu wawili? Fundi alikifunga kitabu, akakitupa kwenye katoni. "Hiyo ni hatari," alisema. "Ikae huko."

Kila alipoacha kitabu aliweka alama, na alama yake ilikuwa ya kifundi. Wanaoshona wanajua kwamba kabla nguo haijapita kwenye cherehani hushikizwa kwa mkono, mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi nyingine ili uonekane wakati wa kuutoa. Fundi alitumia uzi mwekundu. Basi alichukua sindano ile ile, uzi ule ule, akapitisha mshono mmoja pembeni mwa ukurasa alipokomea. Vitabu vyake vyote vilikuwa na uzi mwekundu, mara ukurasa wa kumi na mbili, mara wa mia mbili. Alivipata Kitale, alikokwenda kutafuta vifungo na zipu. Sokoni kule palikuwa na mtu aliyeuza vitabu vya zamani kutoka kwenye gunia la mahindi, vingine bado vina majina ya wazungu waliokuwa na mashamba. Vya Kiswahili, vya Kiingereza, vya dini, vya mapenzi, vya kutibu ng'ombe. Akishaviacha aliwaazimisha watu, bila masharti.

Sababu zake za kuacha zilinishangaza zaidi ya kuacha kwenyewe. Jioni moja nilimuuliza kuhusu kitabu ambacho mimi nilikipenda sana.

"Huyo bwana ataoa yule dada mdogo," alisema. "Nimeshaona. Sasa nikae hapo nikimngoja kwa nini? Afike akiwa peke yake."

Kingine alikiacha kwa sababu mke wa mhunzi alipigwa katika sura ya kwanza, ya pili na ya nne. "Huyu mwenye aliandika anapenda sana kumpiga," alisema. "Lakini mimi nikifunga, hapigwi tena." Na kingine, hiki ndicho kilichonikaa moyoni, alikiacha mahali pazuri kabisa. "Wamekula, watoto wamelala, mvua inanyesha nje. Wacha niwaache hivyo, Mwalimu. Nikiendelea wataharibikiwa."

"Lakini mama, hujui mwisho wake!"

"Mwisho si ni wake yeye aliandika? Mimi nimechukua kile kinanitosha."

Mimi sikuweza. Nililelewa na baba ambaye hakumruhusu mtoto kutoka shambani kabla ya mstari wake kuisha, hata mvua ikimkuta, na nikakua nikiamini kwamba kila kitu kina mwisho na ni wajibu wangu kuufikia. Nilisoma kitabu kizima juu ya magonjwa ya kuku ilhali sikuwa na kuku. Nilikisoma hadi orodha ya dawa. Fundi alipojua hilo alicheka hadi akashika ukuta kwa upande wake, nikasikia viganja vyake vikigonga. "Na kuku walipona?" aliuliza.

Yule mzee Mhindi alikuwa wa kabila langu kwa jambo hili. Aliazima vitabu vya Fundi na kuvisoma vyote, na tabia ya Fundi ya kuacha katikati ilimuuma mzee wa watu kana kwamba anaona kitambaa kizuri kikikatwa vibaya. Alitoka dukani na kitabu mkononi.

"Fundi! Wewe naacha hapa? Kurasa mbili mbele iko tamu sana! Mimi nasoma yote, mpaka bei iko nyuma."

"Usiniambie, mzee."

"Kidogo tu! Yule bibi kumbe..."

Hapo Fundi alianza kuikanyaga cherehani kwa nguvu zake zote, bila kitambaa chochote chini ya sindano, na mzee akawa anapiga kelele juu ya ile ngurumo, na wateja wakacheka. Sijui kama aliwahi kumwambia mwisho hata mmoja.

Kulikuwa pia na mzee wa kanisa aliyeazima kitabu cha maisha ya ndoa. Hakujua maana ya uzi mwekundu. Alidhani Fundi amemwekea mahali pa kusoma, na kwa bahati mbaya uzi ulikuwa kwenye sura inayohusu waume wanaofika nyumbani wakawa bubu. Mzee akaona ametumiwa ujumbe wa siri, kwamba mkewe amemshtaki. Hakumuuliza mtu. Alianza tu kuzungumza, asubuhi na jioni, akazungumza juu ya mbolea, juu ya siasa, juu ya ndoto zake, hadi wiki ya pili mkewe akafika varandani amechoka.

"Fundi, tafadhali, enda ukamtolee huo uzi wako. Ati anataka kujua nilikuwa nafikiria nini nikipika!"

Lakini msimdhanie kuwa mtu wa kukatisha mambo. Hapo ndipo alipowachanganya watu. Kwenye matanga alikuwa wa mwisho kuondoka. Wengine walikula, wakalia kidogo, wakaaga. Fundi alibaki akisugua sufuria na majivu hadi ya mwisho igeuzwe kifudifudi juu ya majani. Mtoto akimsimulia ndoto, alisikiliza yote, hata zile ndoto za watoto zisizo na kichwa wala miguu. Nguo, ndiyo hiyo nimewaambia. Nilimuuliza inakuwaje aache vitabu tu. Alifikiri. "Kitabu hailii ukiiacha," alisema. Jibu hilo lilinitosha kwa miaka kadhaa.

Sasa nije kwenye gauni.

Nilikuwa na mchumba. Alifanya kazi ofisini Kitale na alikuwa na shamba la mahindi Kachibora, na kwa miaka mitatu kila mtu alijua tutaoana. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha fika Matulo. Baba alikuwa amempa mmoja jina. Mchumba wangu hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Ila alikuwa amepanga kwamba nitaacha ualimu nikasimamie shamba, amepanga kanisa, amepanga hata viti vitakaa wapi, na kila nilipofungua mdomo kusema jambo alinimalizia sentensi. Alinimalizia vibaya, nami nikaitikia. Nilijua sikumtaka tena. Nilijua kwa mwaka mzima. Lakini nilikuwa nimeanza, na sikujua watu huacha vipi.

Alinisindikiza siku ya kupimwa. Tulikuwa tumenunua kitambaa cheupe dukani, tukatoka zile hatua tatu.

"Mikono mirefu ama mifupi?" Fundi akaniuliza.

"Mirefu," mchumba wangu akajibu.

"Shingo?"

"Ya kufunga. Hapendi kujionyesha."

"Na kiuno? Tubane ama tuachie?"

"Tubane kidogo tu."

Fundi akashusha utepe wa kupimia, akamtazama. "Basi njoo nikupime wewe, bwana. Naona gauni ni yako."

Mzee Mhindi alicheka kule ndani hadi akakohoa. Mchumba wangu naye alicheka, kwa adabu. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nataka mikono mifupi.

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Gauni lilikuwa limetundikwa, jeupe, na limepitiwa kote na mishono mirefu ya uzi mwekundu. Halikuwa limepita kwenye cherehani hata kidogo. Nilidhani amekosea siku.

"Nimeshikiza tu," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Iliyobaki ni kazi ya asubuhi moja. Ukiniambia nishone, nitashona, na itakuwa gauni nzuri kuliko zote nimeshona. Lakini uniambie wewe. Si yeye, si mzee wako."

"Na nisiposema?"

"Hiyo uzi inavutwa na mkono mmoja. Kitambaa haibaki na alama. Tutashona kitu ingine."

Nilikwenda kila Jumamosi. Nilikaa kwenye benchi ya varanda, nikafungua mdomo, nikaufunga. Hakuniuliza hata mara moja. Alinipa chai, akasoma pasi ikipata moto, akaniacha na gauni langu mbele ya macho yangu. Sijawahi kupewa nafasi kubwa kama ile na mtu yeyote, wala sijawahi kuitumia nafasi vibaya kama nilivyofanya.

Baba alikuja kutoka Matulo kuuliza harusi imefikia wapi. Aliuliza gauni liko wapi. Nami nikasema maneno ambayo kila mwanamke wa nchi hii ameyasema, na hakuna anayeyatilia shaka: "Fundi hajamaliza."

Yalitoka kwa urahisi wa ajabu. Baba alisonya tu. "Hawa mafundi!" alisema, na harusi ikasogezwa kutoka Desemba hadi Aprili. Aprili ilipokaribia nikasema tena. Niliyasema kanisani, nikayasema kwa walimu wenzangu, nikamwandikia mchumba wangu kwa barua. Ndipo yeye akapanda basi kutoka Kitale, akaenda varandani siku ya soko, mbele ya wateja, akamwambia Fundi kwamba ni mwanamke asiyemaliza chochote, kwamba hata vitabu vyake vyote ni ushahidi, na kwamba amemwaibisha mbele ya ukoo wake.

Nilikuwa ndani ya duka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya marobota ya vitambaa na nilisikia kila neno. Mzee Mhindi alinitazama, kisha akatazama mlango, kisha akanitazama tena. Fundi angeweza kusema sentensi moja tu na mambo yakaisha. Alisema, "Ni kweli, bwana. Haijaisha." Akaendelea kukanyaga cherehani. Na mimi sikutoka.

Ilinichukua wiki tatu zaidi. Mwishowe nilipanda kwenda Matulo nikamwambia baba kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba sitaki. Ng'ombe walirudi, hata yule mwenye jina, na baba hakuzungumza nami kwa mwaka mmoja. Fundi alivuta uzi mwekundu mbele yangu, ukatoka wote, kitambaa kikabaki safi kama alivyosema. Akanikatia foronya mbili na pazia. Nililia juu ya foronya zile kwa furaha, na ninaona bado ni machozi bora niliyowahi kulia.

Lakini uongo wangu ulikuwa umetembea mbali kuliko ukweli. Watu hawakusema kwamba mwalimu alikataa kuolewa. Walisema harusi ya watu ilivunjika kwa sababu fundi alikalia gauni. Januari iliyofuata akina mama wa kanisa walipeleka sare za watoto kwingine. Niliona ile varanda ikipungua watu. Nikawa ninamwambia kupitia ukuta, "Mama, nitasema kanisani Jumapili hii," naye anajibu, "Wacha, Mwalimu, watasahau." Jumapili ilifika, nikaimba, nikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya upande wa Mlima Elgon. Baadaye nikasikia Fundi amekwenda kukaa kwa mwanawe Kitale, kwamba kazi Bungoma ilikuwa imekufa.

Yote niliyonayo yamekuja baada ya gauni lile. Nilibaki mwalimu, nikawa mkuu wa shule. Nikiwa na miaka thelathini na miwili niliolewa na mtu anayeningoja nimalize kusema. Tulifunga ndoa ofisini kwa mkuu wa wilaya, dakika ishirini, na mikono ya gauni langu ilikuwa mifupi. Vitabu ninaviacha siku hizi. Mara nyingine ninaviacha mahali pazuri, watu wakiwa wamekula, na ninamkumbuka. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kitabu wanachosoma kwa hiari si adhabu, na wengine wao, ambao hawakuwa wakisoma kabisa, walianza kusoma siku hiyo. Kila nilipojiona nimebahatika nilijua nimebahatika kwa gharama ya nani, na kwa miaka karibu kumi sikumtafuta. Niliona haya, ndiyo yote.

Katikati ya miaka ya tisini niliitwa Kitale kwa semina ya walimu wakuu, na mwenzangu mmoja akanionyesha nyumba. Nilinunua sukari, majani ya chai na mkate, nikaenda mchana nikiwa nimejiapisha kwamba nitamwambia tukiwa wawili. Hatukuwa wawili. Akina mama wanne wa kanisa walikuwa wameketi naye baada ya maombi, na mmoja wao, aliyekaa karibu na mlango, nilimfahamu: alikuwa wa Kanduyi, mama wa watoto sita, sare sita zilizopelekwa kwingine.

Fundi alikuwa amezeeka kwa ghafla, macho yake yameingia ukungu. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Nilisalimu, naye akageuza uso kufuata sauti.

"Mwalimu," alisema. "Huyu ni mtoto wangu wa Kanduyi. Mpeni chai."

Yule wa mlangoni alinikodolea macho. "Si ni huyu harusi yake ilikwama?" akasema, akiwaelezea wenzake. "Ile ya gauni."

Wenzake wakamtazama Fundi, kisha wakatazama vikombe vyao. Nilielewa kwamba hadithi ile ilikuwa imemfuata hata huku, kwamba amekuwa akiketi nayo kila wiki baada ya maombi.  Fundi alikuwa anapapasa mkate wangu, anautoa kwenye karatasi.

"Gauni halikucheleweshwa," nikasema. Maneno yalitoka madogo. "Fundi hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu. Mimi sikutaka kuolewa na niliogopa kusema, nikamsingizia yeye. Alijua, na hakunitaja. Fundi, nisamehe. Na asante. Sijawahi kukuambia asante."

 Fundi aliuweka mkate mezani polepole.

"Rudia," alisema.

"Fundi?"

"Rudia, Mwalimu. Huyu mama wa mlangoni hakusikia."

"Nimesikia, bana," yule mama akasema.

"Hajasikia," Fundi akasema.

Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikarudia yote tangu mwanzo kwa sauti ninayotumia kwenye paredi ya asubuhi shuleni, hadi mwanamke aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua akaacha kuanika, akaja kusimama dirishani.